Julia Morgan, msanifu majengo wa California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha za kasri la Hearst, kule San Simeon, California, zimezunguka sana: bwawa lenye nguzo nyeupe, minara miwili kama ya kanisa la Hispania, bahari kwa mbali. Ukiwauliza wanafunzi wa uchoraji ramani nani alilichora, wengi hutaja jina la tajiri aliyelilipia, si la Julia Morgan aliyelichora. Hapo ndipo maswali huanza. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu, mengine marefu, mengine ya mistari miwili.

Julia Morgan alikuwa nani?

Msanifu majengo wa Marekani aliyeendesha ofisi yake mwenyewe San Francisco kuanzia 1904 hadi 1951. Katika miaka hiyo alichora na kusimamia majengo yapatayo 700: makanisa, shule, hosteli za wanawake, nyumba za watu wa kawaida, majumba ya matajiri, mnara wa kengele. Alizaliwa San Francisco tarehe 20 Januari 1872, akakulia Oakland, ng'ambo ya ghuba, na akafariki Februari 1957 akiwa na umri wa miaka 85.

Mara nyingi husimuliwa kwa orodha ya "mwanamke wa kwanza". Orodha ni ya kweli na nitaigusa, ila mimi huona inamficha. Kilichomtenga na wasanifu wengi wa zama zake ni kwamba mteja alipewa jengo linalomfaa mteja. Ukipita mbele ya nyumba aliyoichora, hakuna kinachokupigia kelele kuwa hii ni ya Morgan.

Mbona alisomea uhandisi badala ya usanifu?

Chuo Kikuu cha California pale Berkeley hakikuwa na idara ya usanifu wakati huo. Akachukua uhandisi wa ujenzi, akamaliza 1894. Sidhani kama alipata hasara. Wasanifu wengi wa kizazi chake walijua kuchora sura ya jengo, kisha wakamwachia injinia ahangaike jinsi ya kulisimamisha. Morgan alijua yote mawili, na baada ya tetemeko la 1906 ujuzi huo ndio uliomletea wateja.

Berkeley alikutana na Bernard Maybeck, mwalimu wa kuchora aliyekuwa akiwakusanya wanafunzi nyumbani kwake kuzungumzia usanifu. Maybeck alikuwa amesoma Paris, kwenye École des Beaux-Arts, shule iliyoheshimiwa kuliko zote katika fani hiyo. Akamwambia naye aende.

Ni kweli shule ya Paris ilimkataa?

Ilimkataa, tena zaidi ya mara moja. Alipofika Ufaransa 1896 shule haikuwa ikipokea wanawake kabisa. Chama cha wanawake wachoraji na wachongaji kilikuwa kikiishinikiza ifungue mlango, na 1897 ikakubali. Waliokuwa wakipigania nafasi hiyo walikuwa watu wa rangi na udongo. Hakuna aliyetazamia kuwa mwanamke angejitokeza kwenye usanifu.

Mtihani wa kuingia ulikuwa mgumu, na mbele ya Morgan ulikuwa na mambo mawili ya ziada: lugha ya Kifaransa na vipimo vya mita, ilhali yeye alilelewa kwenye futi na inchi. Mara ya kwanza alishika nafasi ya 42, waliochukuliwa ni 30. Akarudia. Safari hiyo aliamini alama zake zilipunguzwa kwa sababu wasahihishaji hawakutaka kuwapa wasichana moyo wa kuja. Akarudia tena. Mwishoni mwa 1898 alikuwa wa 13 kati ya watahiniwa 376, na hapo hapakuwa na pa kumfichia.

Shule ilikuwa na sheria nyingine: ukifika miaka 30 huruhusiwi kuendelea. Yeye tayari alikuwa na 26. Wanafunzi wengi walichukua miaka mingi kujipatia pointi za kumaliza, kwa hiyo alisoma huku kalenda ikimkimbiza. Alipata cheti mwanzoni mwa 1902, umri ulipokuwa umemfikia mlangoni. Hakuna mwanamke aliyewahi kupata cheti cha usanifu cha shule hiyo kabla yake.

Aliporudi California alianzia wapi?

Kwa John Galen Howard, msanifu aliyekuwa akijenga upya Chuo cha Berkeley kwa fedha za Phoebe Apperson Hearst, mama wa tajiri wa kasri. Morgan alishiriki kwenye jengo la kumbukumbu la uchimbaji madini na kwenye ukumbi wa maonyesho wa wazi wa mtindo wa Kigiriki, uliofunguliwa 1903. Inasimuliwa kwamba Howard alikuwa akijisifu kuwa amepata mchoraji ramani hodari ambaye hamlipi kitu cha maana, maana ni mwanamke. Maneno hayo yalimfikia mwenyewe. Hakugomba. Mwaka 1904 akapata leseni, mwanamke wa kwanza kuipata katika jimbo la California, akafungua ofisi yake. Phoebe Hearst akamfuata huko kama mteja.

Mnara wa kengele wa Mills una nini cha ajabu?

Ukiutazama tu, hauna. Ni mnara wa takriban mita 22 katika kilichokuwa chuo cha wanawake cha Mills, Oakland, wenye sura ya misheni za zamani za Kihispania na kengele kumi zilizotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893. Ulikamilika 1904. Ajabu iko ndani ya kuta: ni zege lenye nondo, wakati ambapo watu wengi wa pwani ile ya magharibi walikuwa bado wakijenga kwa matofali na mbao na kuliona zege kuwa la maghala na madaraja.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye saiti anajua habari hii. Zege ni hodari wa kubebeshwa mzigo, lakini ukilivuta au kulipinda linakatika kama biskuti. Nondo ndizo zinazolishika pale linapovutwa. Tetemeko la ardhi kazi yake ni hiyohiyo ya kuvuta na kupinda, mara huku mara kule. Ukuta wa matofali uliounganishwa kwa chokaa hauna kitu cha kuushika.

Tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, ardhi ya San Francisco ilitikisika, kisha moto ukala mji kwa siku kadhaa. Ofisi ya Morgan iliteketea pamoja na karatasi zake. Ng'ambo ya pili, Oakland, mnara wa Mills ulibaki wima. Hakuhitaji tangazo lingine.

Naye ndiye aliyeikarabati hoteli ya Fairmont?

Ndiye. Hoteli ilikuwa juu ya kilima cha Nob, imebakiza kidogo tu ifunguliwe, tetemeko likaikuta. Kuta za nje zilisimama, lakini ndani moto ulikuwa umepita: nguzo za chuma zimepinda, sakafu zimedidimia, mahali pengine hadi futi saba. Wenyewe wakampa kazi msanifu mwenye miaka 34 aliyekuwa na leseni ya miaka miwili. Aliifanyia kazi kwenye kibanda cha mbao karibu na jengo, na Aprili 1907, mwaka mmoja baada ya tetemeko, hoteli ikafunguliwa.

Mwandishi mmoja wa gazeti alikwenda kuitazama akidhani mwanamke huyo amepewa kupamba vyumba, kuchagua mapazia na rangi. Akamsifia foromani jinsi ukumbi wa chakula ulivyopendeza. Foromani akamrekebisha: anayeongoza jengo hili ni msanifu kamili, na kazi yake ni mifupa ya jengo. Wapambaji walikuwa wengine.

Mtindo wake ulikuwa upi?

Swali hili ndilo lililomponza kwa wanahistoria, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Chukua kanisa la St. John la Wapresbiteri, Berkeley, lililojengwa kati ya 1908 na 1910. Waumini hawakuwa na fedha. Msanifu mwingine angechora kanisa la kawaida kisha aanze kulipunguza. Morgan alitazama ni wapi hela huishia: lipu, dari, mbao za kufunika kuta kwa ndani. Akaviacha vyote. Ukiingia unaona nguzo, boriti na kenchi za mbao nyekundu ya redwood zikiwa wazi, misumari na yote, na mwanga unashuka kati yake. Kilichokuwa kifichwe ndicho kikawa pambo. Sasa ni ukumbi wa maonyesho wenye jina lake.

Halafu nenda Asilomar, kwenye vilima vya mchanga vya Pacific Grove, ambako alianza 1913 kujenga kambi ya mikutano ya YWCA, chama cha wanawake vijana wa Kikristo. Huko ni mawe ya palepale na mbao, majengo ya chini yaliyojificha kati ya misonobari. Kisha tazama klabu ya wanawake ya Berkeley ya 1930: matao ya mtindo wa zama za kati, yote ya zege, na bwawa la kuogelea ndani ambalo mwangwi wake peke yake unatosha kumfanya mtu ashushe sauti. Huwezi kudhani ni mkono mmoja.

Alichofundishwa Paris ni kupanga: mtu anaingia wapi, anaona nini kwanza, mwanga unatoka upande gani, jiko liko umbali gani na meza. Hayo yapo katika kila jengo lake. Sura ya nje aliiona kama nguo, na nguo humfuata mvaaji na hali ya hewa. Wapo wanaoita hali hii kukosa msimamo. Mimi naona ni msimamo mgumu zaidi, ila hauwapi wahakiki kitu rahisi cha kuandika.

Kwa nini alijenga sana majengo ya YWCA?

Phoebe Hearst alikuwa mfadhili wa chama hicho na akamtambulisha. Wasichana wengi walikuwa wakihamia mijini kutafuta kazi maofisini na madukani, nao walihitaji mahali pa heshima pa kulala, kula na kukutana. Msomaji anayezijua hosteli za YWCA za Dar es Salaam au Nairobi anaelewa haja yenyewe bila maelezo. Morgan alijenga Oakland, San Jose, Salt Lake City, Pasadena, Long Beach, hadi Honolulu.

La Honolulu, la 1927, lingemvutia mtu wa pwani yetu: vyumba vimezunguka ua wa ndani, kuna baraza na matao, upepo unapita moja kwa moja hadi kwenye bwawa. Lile la mtaa wa Wachina San Francisco, la 1932, alilitia vigae na minara inayozungumza na majirani zake, na leo ni makumbusho ya historia ya Wachina wa Marekani.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Kwenye hosteli mojawapo ya wasichana alichora vyumba vidogo vya faragha vya kulia chakula, na majiko madogo ambamo msichana angeweza kumpikia mgeni wake. Kamati ikalalamika: hawa ni wasichana wa mshahara wa chini kabisa, ya nini kuwadekeza? Akajibu kuwa hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Kasri la Hearst lilianzaje?

William Randolph Hearst, mwana wa Phoebe na mmiliki wa magazeti mengi kupita kiasi, alirithi ardhi ya San Simeon mama yake alipofariki 1919. Familia ilikuwa na desturi ya kupiga kambi juu ya kilima kile kwa mahema. Mwaka huohuo alifika ofisini kwa Morgan akasema amechoka kulala hemani, anataka kitu kidogo cha kujengwa. Walter Steilberg, mmoja wa wachoraji, aliyasikia mazungumzo hayo.

Hicho kitu kidogo kiliendelea kujengwa hadi 1947 na bado hakikuisha. Kina vyumba 165 kwa jumla, katika nyumba kuu iitwayo Casa Grande na nyumba tatu za wageni, na ekari 127 za bustani, ngazi na mabwawa.

Ujenzi wenyewe ulikwendaje?

Kilima kina urefu wa takriban mita 490 juu ya bahari. Mwanzoni hakukuwa na barabara ya maana, maji ya kutosha wala mji wa karibu wa kupata mafundi. Vifaa vililetwa kwa meli hadi ghuba ya San Simeon, kisha vikapandishwa kilimani kwa malori. Mawe ya kokoto yalipasuliwa palepale. Mchanga ulichotwa ufukweni, na fundi yeyote wa Tanga au Mombasa ataguna hapo, kwa kuwa chumvi hula nondo. Waliuosha kwa maji yasiyo na chumvi kwanza.

Morgan hakuhamia huko. Ijumaa jioni alipanda treni San Francisco hadi San Luis Obispo, zaidi ya maili 200, kisha gari kwa maili nyingine zipatazo 50. Wikiendi nzima alikuwa kilimani. Jumatatu asubuhi yuko mezani kwake mjini na kazi za wateja wengine. Safari hizo zilipita 500. Alikuwa mwembamba, urefu wake kama futi tano, na chini ya sketi alivaa suruali ili apande majukwaa ya mafundi. Alipanda kweli, akagusa kazi kwa mkono, na isiyomridhisha ikabomolewa.

Mbomoaji mkubwa lakini alikuwa Hearst. Bwawa la Neptune lilijengwa mara tatu: kila likikamilika, alitaka kubwa zaidi. Minara ya Casa Grande ilishushwa ikajengwa upya kwa umbo jingine na kutiwa kengele. Miti mikubwa ya mialoni ilihamishwa na mizizi yake ndani ya masanduku ya zege kwa kuwa ilikuwa imesimama njiani. Juu ya hayo, Hearst alinunua Ulaya dari za mbao, milango, mahali pa kuotea moto, makreti kwa makreti. Morgan alipaswa kuchora chumba kiitoshee dari ya miaka 400 iliyokuwa bado njiani baharini.

Barua zao zipo kwa maelfu, na zinaonyesha watu wawili waliofurahia kazi. Yeye alikuwa "Bi. Morgan", naye "Bw. Hearst", kwa miaka yote. Meza ya chakula ikiwa imejaa nyota wa sinema, mwenye nyumba alimkalisha msanifu karibu naye, wakachora na kubishana juu ya michoro huku wageni wakijiongelea.

Bila shaka alitajirika?

Hapana. Faida aliyoipata kwenye San Simeon kwa takriban miaka ishirini ilikuwa kama dola 70,000, zikiwa zimetapakaa mwaka hadi mwaka. Katika ofisi yake alijiwekea kiasi cha kuishi na cha kodi ya ofisi. Kilichozidi aligawa kwa wafanyakazi. Walimwita J.M. Alikuwa mkali wa mistari: mchoro ukiwa na kosa, ulirudi. Ila mfanyakazi akiuguliwa au akitaka kumsomesha mtoto, mkono wake ulifika kimyakimya. Aliajiri wanawake wachoraji wakati ambapo ofisi nyingine ziliwafungia mlango.

Aliolewa?

Hakuolewa wala hakuwa na watoto. Yanayodaiwa kuhusu yeye na Hearst hayana ushahidi.

Ni ugonjwa gani uliomharibu uso?

Masikio yalimsumbua tangu zamani. Mwaka 1932 alifanyiwa upasuaji ambao ulimwondolea sikio la ndani la upande mmoja. Uso ukapinda kidogo, na mwendo ukapoteza usawa. Aliyewahi kutembea juu ya ubao wa jukwaa ghorofa ya tatu anajua usawa una thamani gani. Aliendelea kupanda.

Kwa nini jina lake lilipotea?

Kwanza, kwa hiari yake. Hakutoa mahojiano, hakuandika makala, hakushiriki mashindano ya michoro, na alikataa kibao chenye jina lake mbele ya saiti. Alipofunga ofisi 1951 aliwaandikia wateja wachukue michoro yao, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikaharibiwa. Kilichookoka kwake mwenyewe kimehifadhiwa leo kwenye chuo kikuu cha jimbo kule San Luis Obispo.

Pili, zama ziligeuka. Miaka ya 1950 ilikuwa ya vioo, chuma na paa bapa; aliyejua kuchonga tao alionekana mtu wa jana. Na wale waliokuwa wakiandika historia walitafuta mwasisi wa mtindo, mwenye maneno makubwa. Frank Lloyd Wright, msanifu mashuhuri wa Marekani, aliwapa vyote hivyo. Morgan aliwaachia majengo tu, tena yasiyofanana. Ilibidi watu waanze kuhesabu jengo mojamoja, kazi iliyoshika kasi mwishoni mwa karne.

Alipewa medali lini?

Mwaka 2014, miaka 57 baada ya kufariki. Ni medali ya dhahabu ya chama cha wasanifu majengo wa Marekani, inayotolewa tangu 1907. Kabla yake hakuna mwanamke aliyeipata. Akiwa hai, heshima kubwa aliyoipokea ilikuwa shahada ya udaktari kutoka Berkeley, 1929.

Majengo yake yanaweza kutembelewa?

Mengi, ndiyo. Kasri ni mali ya jimbo la California na lilianza kupokea wageni 1958. Asilomar na klabu ya Berkeley zina vyumba vya kulala wageni. Mnara wa Mills bado uko pale pale. Ukiwa na siku moja tu, mimi ningekupeleka kanisani St. John kabla ya kasri, ila najua hutanisikiliza.

Na wale punda milia wanaosemekana kuonekana karibu na kasri, ni wa kweli?

Wa kweli kabisa. Hearst alikuwa na bustani kubwa ya wanyama kilimani: dubu, simba, twiga, ngamia. Morgan ndiye aliyechora makazi yao, na vizimba vya zege vya dubu vingali vinaonekana. Fedha zilipokwisha mwishoni mwa miaka ya 1930 wanyama waliuzwa au kugawiwa, lakini baadhi ya waliokuwa wakizurura malishoni walibaki. Wajukuu wa punda milia wale wapo hadi leo. Ukipita barabara ya pwani karibu na San Simeon na bahati ikiwa upande wako, utawaona chini ya kilima wakila nyasi pamoja na ng'ombe.